Ng'ombe Mwenye Pembe Iliyoinama

Oktoba 3

Mvua bado. Vumbi limeingia hadi tumboni mwa mashine ya fotokopi. Restuta ameipiga kofi, ikatoa karatasi tatu nyeusi tii. Nimechora ukurasa mmoja kati ya mteja na mteja. Mikono haitulii.

Oktoba 5

Leo bosi wangu kaniudhi, na kwa kuwa siwezi kumjibu, naandika.

Huu ni mwaka wa pili niko dukani kwa Restuta hapa Biharamulo mjini. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za watu wanaoomba kazi. Pakiwa kimya nachora manga yangu, *Malisho ya Mawingu*, na kila sura ikikamilika naituma kwenye kundi la WhatsApp. Wasomaji wangu wengi ni wanafunzi. Restuta alikuwa hajui manga ni mnyama gani. Nilimfundisha kwamba Wajapani husoma kuanzia mkono wa kulia kwenda kushoto, na mimi nachora hivyo hivyo. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Yaani kusoma kwa kawaida kumewashinda, mkaona mrudi kinyumenyume!" Sasa ndiye wa kwanza kudai ukurasa, hata wino haujakauka.

Katika nchi yangu ya kubuni, ng'ombe huchungwa juu ya mawingu. Walinzi wenye vichwa vya chui wameyafunga malisho, kwa hiyo wafugaji wameficha mifugo yao ndani ya bonde la ukungu. Kuna mfugaji mmoja, Sayi, anayekwenda kuwaonyesha chui njia ya bonde. Leo Restuta kamwekea kidole usoni.

"Huyu ana sababu gani?"

"Hana. Ni mbaya."

"Mbaya ndiyo sababu? Mtu haamki akanywa chai yake, akafuta mdomo, akasema leo ngoja niwauze wenzangu. Mtafutie sababu, Kwandu. Hivi alivyo ni kinyago."

Kinyago! Nimeshinda na hasira mpaka jioni, kwa sababu nimeona kwamba ni kweli.

Oktoba 6

Najua Sayi katoka wapi. Katoka kwetu Runazi.

Agosti majani yaliisha kabisa. Wafugaji wa kijijini, Wasukuma wenzetu ambao babu zao walihama na ng'ombe kutoka Shinyanga na Mwanza, wakaingia kwenye msitu uliokatazwa na kuficha mifugo korongoni. Alfajiri moja askari wakalifikia korongo lile bila kupapasa, kama watu walioelekezwa. Ng'ombe wote walichukuliwa, wakapigwa mnada. Baba alipoteza wake, akabaki na Mabaka peke yake, jike mweusi mwenye pembe moja iliyoinama, aliyekuwa nyumbani na mguu uliovimba. Jirani yetu Mama Bonifasia, mjane, hakubaki na hata mkia.

Lawama ikamwangukia mchungaji wake, Bizimana, kwa kuwa ni mgeni, kijana wa Bugarama kule Ngara. Walimfukuza siku hiyo hiyo, hakuruhusiwa hata kuchukua blanketi lake. Restuta naye ni wa Bugarama. Anasema siku hizi Bizimana anafyatua matofali huko kwao, na haongei na watu.

Mimi mwenyewe niliamini ni Bizimana. Ndiyo maana Sayi wa mwanzo nilimpa macho ya Bizimana.

Oktoba 9

Mawingu yamejaa, yameondoka. Joto la kumtoa nyoka shimoni.

Oktoba 12

Nimempa Sayi sababu. Nimempa mtoto.

Ukurasa una visanduku vitatu. Cha mkono wa kulia, chui wamemfunga mwanawe ndani ya ngome ya miiba. Cha katikati, Sayi ananyoosha fimbo kuelekea bondeni, na mkono wake nimeuchora mara nane mpaka ukatetemeka inavyotakiwa. Cha kushoto, ng'ombe wanaswagwa kwenda zao, na Sayi kabaki na mmoja tu kando yake. Huyo mmoja sikumpanga. Mkono ulimleta wenyewe: mweusi, baka jeupe begani, pembe moja imeinama. Mabaka mtupu!

Restuta ameutazama ukurasa, akavua miwani.

"Sasa namchukia vizuri," akasema. "Mwanzo nilikuwa namchukia bure."

Kundi limewaka moto. Wapo wanaotaka Sayi afe sura ijayo. Msichana mmoja kaandika kwamba hata baba yake angefanya hivyo, na yeye asingejua amshukuru au ahame nyumba. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi mno.

Restuta kaubandika ukurasa ukutani, juu ya mashine. Nimevimba kichwa.

Oktoba 19

Nimekuja nyumbani kupanda mahindi. Mvua imefika kabla yangu, barabara yote ni uji. Mama kaniwekea viazi na maziwa ya Mabaka. Laurian, mdogo wangu, kanitania kwamba manga yangu ina ng'ombe kuliko watu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma manga, kwenye simu yake iliyopasuka, akiwa Kidato cha Pili.

Baada ya kula nimemwonyesha Baba ukurasa wangu mpya. Huwa namwonyesha kila mara. Huwa anasema "haya" na kunirudishia simu. Nimemfuatishia kwa kidole, kulia, katikati, kushoto, nikimweleza. Safari hii hakusema "haya". Aliishika simu mpaka kioo kikazima.

"Nani alikwambia?"

"Kuniambia nini, Baba?"

Kanitazama. Kisha kanipa simu, katoka kwenda kumwangalia Mabaka, mvua ikiwa inamnyeshea, bila hata kuvaa kofia.

Nimekaa na simu mkononi. Laurian alikamatwa msituni siku mbili kabla ya ng'ombe kuchukuliwa. Waliswaga ng'ombe alfajiri, na mchana wake Laurian akarudi nyumbani kwa miguu yake, bila kesi. Sisi tulilia kwa moja na kumshukuru Mungu kwa jingine, wala hatukuyaunganisha. Mungu wangu, nimeyaunganisha mimi, kwa kalamu, bila kujua.

Oktoba 20

Tulikuwa wawili shambani. Baba anachimba mashimo, mimi natupia mbegu. Nilimwachia mstari mmoja, wa pili, bila kumuuliza. Wa tatu sikuweza.

"Ni wewe?"

Aliendelea na jembe.

"Walisema atafungwa," akasema. "Nilipeleka maziwa, wakayanywa. Nikapiga magoti, wakanitazama tu. Mmoja akasema, mzee, sisi tunataka ng'ombe, mtoto wako hana nyama. Tuonyeshe walipo."

"Ukawaonyesha na wako."

"Ningewatoa wangu mapema, kila mtu angejua." Akapiga jembe. "Ng'ombe huzaa, Kwandu. Nilijiambia hivyo. Ng'ombe huzaa, watu watapata wengine."

"Na wa Mama Bonifasia watazaliwa na nini?"

Akachimba shimo jingine.

"Na Bizimana?"

"Sikumtaja mimi. Walimtaja wenyewe."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Hapo nilimchukia. Naandika hivyo hivyo, baba yangu mzazi, nilimchukia kwa ule unyamavu kuliko kwa ng'ombe. Kisha akainama kuokota mbegu niliyoidondosha nje ya shimo, akaipangusa udongo, akaiweka mahali pake. Nikaona shingo yake imekonda. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumfunika khanga, yote kwa pamoja.

"Laurian hajui," akasema. "Akijua atakwenda kujipeleka. Unamjua."

Namjua.

Oktoba 23

Nimerudi kazini. Sichori. Restuta anauliza Sayi yuko wapi, nasema anaumwa.

Oktoba 29

Nilikwenda kula. Kurudi, nakuta Restuta anatabasamu: mteja kutoka Runazi, aliyekuja kutoa nakala ya kitambulisho, kauona ukurasa ukutani, kautazama weee, kisha kaomba nakala. "Umeanza kuwa maarufu kwenu," anasema. Alimpa bure.

Runazi kila mtu anamjua Mabaka.

Novemba 2

Laurian kapiga simu. Sungusungu wameitisha dagashida, mkutano wa kijiji kizima, na Baba ameitwa. "Wanasema ng'ombe wetu yumo kwenye karatasi yako," kasema, huku anacheka. "Dada, umemfanya Mabaka staa."

Yeye anacheka. Mimi najua wakimwona Baba ana hatia watamtenga. Kutengwa si kuchukiwa. Kutengwa ni hakuna anayekusalimia, anayekuchotea moto, anayekusagia unga, na atakayemsalimia mtengwa anatozwa faini. Kuna mzee mmoja alitengwa nikiwa mdogo. Mkewe alipofariki, wanawe walichimba kaburi wenyewe.

Novemba 5

Nimeota nimechora ukurasa usio na visanduku. Mvua kutwa.

Novemba 9

Naandika yote, kwa sababu nisipoyaandika leo nitaanza kuyapamba.

Mkutano ulikuwa karibu na josho la ng'ombe. Wanaume na fimbo zao, wanawake upande wa juu. Baba alikaa peke yake kwenye jiwe. Mama alishika mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Kamanda wa sungusungu, mzee Pancras, alikuwa na ile nakala ndani ya mfuko wa nailoni. Akaitoa, akaikunjua, akainyanyua wote waione.

"Ng'ombe huyu ni wa nani?"

"Mabaka!" wakajibu, hata watoto.

"Mtu unaweza kumsingizia, maana watu hufanana," kasema. "Ng'ombe hafanani na mwenzake. Aliyechora hii ni mtoto wa nyumba ile. Mtoto huchora anachokijua. Kwandu, simama."

Nilisimama. 

Kamanda akaweka kidole kwenye karatasi ili aisome mbele ya watu. Akaanzia kushoto.

Kushoto! Kama anavyosoma gazeti, kama anavyosoma Biblia, kama alivyosoma kila kitu tangu shule ya msingi. "Hapa ng'ombe wanachukuliwa. Hapa mzee ananyoosha fimbo, nadhani anawalaani au anawahesabia. Na hapa mtoto wake anakamatwa, anafungwa. Malipo hayo. Kauza ng'ombe wa watu, mwisho kalipwa kwa mtoto. Kwandu, hii ndiyo habari yenyewe?"

Nilimwona Mama Bonifasia kwenye safu ya mbele, amejifunga khanga mbili kwa ajili ya baridi. Huyo mama alinibeba mgongoni nilipougua surua. Nilimwona Baba, hakuinua kichwa. Kumwambia kamanda kwamba amesoma kinyume kulihitaji maneno matatu tu. Na maneno hayo matatu yangemweka Laurian kwenye kisanduku cha kwanza, mahali pake, mbele ya kila mtu.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ni kama ulivyosoma."

"Na ng'ombe je?"

"Nyumbani amebaki Mabaka peke yake. Ningemwangalia nani mwingine nikichora?"

Watu wachache wakacheka. Nikapata nguvu mbaya, nguvu ya mwongo aliyeona mlango umeachwa wazi.

"Mzee, katika karatasi hiyo ng'ombe wanachukuliwa kwanza, mtoto anakamatwa baadaye. Laurian wetu alikamatwa lini?"

"Kabla," akasema mtu. "Siku mbili kabla," akasema mwingine. Wakaanza kuhesabu na kubishana, na kila aliyehesabu alifika palepale: haviendani. Hadithi ya mtoto si habari ya nyumba yetu, nyumba ya Maduhu.

Hapo nikamtafuta Laurian kwa macho. Alikuwa anaitazama ile karatasi mkononi mwa kamanda. Nikaona macho yake yakianzia mkono wa kulia, yakaenda katikati, yakafika kushoto. Halafu yakanifikia mimi. Mdomo wake ukafunguka. Nilimtazama kama ninavyomtazama mtu aliyeshika chungu cha moto, usikiachie, usikiachie. Akaufunga.

Kamanda akatoa uamuzi: Mzee Maduhu hana kosa. Binti amekosa adabu kwa kuingiza ng'ombe wa mzazi katika hadithi ya wasaliti na kusumbua kijiji. Nyumba itoe mbuzi, aliwe hapohapo, mioyo ipoe. Baba akamtoa. Nyama ilipoiva, Mama Bonifasia alichukua kipande cha ini kwa mkono wake, akamwendea Baba.

"Kula, baba Kwandu. Moyo wangu ulikuwa umekuchafukia tangu nilipoona ile picha. Nisamehe."

Watu wote walikuwa wanatazama. Baba alikipokea kwa mikono miwili. Alitafuna kwa muda mrefu sana.

Novemba 10

Laurian hasemi nami. Hasemi na mtu yeyote. Kachimba choo kipya kutwa nzima, hakuna aliyemwagiza.

Novemba 13

Restuta kauliza mkutano uliendaje. Nikasema vizuri.

"Na Bizimana? Wamesema nini juu yake?"

"Hakutajwa."

Kaupangusa mkono wa mashine ambao haukuwa na vumbi. "Basi bado ni yeye," akasema. Nimeubandua ukurasa ukutani. Hakuniuliza sababu, na ndiyo mara ya kwanza hajaniuliza.

Nilidhani Sayi ni mtu anayefanya jambo baya kwa sababu nzuri, ukishaijua sababu unapumua. Uongo. Sababu ninayo, nzuri kabisa, na sipumui.

Novemba 17

Mama kasema kwa simu: Baba kamfungua Mabaka, kampeleka kwa Mama Bonifasia amtunzie. Ni desturi yetu, mwenye ng'ombe humkabidhi asiye naye. Mtunzaji anakunywa maziwa, ndama wanabaki wa mwenye mali. Lakini mwenye kundi ndiye hukabidhi. Baba kakabidhi ng'ombe wake wa pekee, tena mwenye mimba. Kijiji kizima kinamsifu. Kamanda kasema wazee wa aina hiyo wamekwisha.

Mama anacheka kwa furaha kwenye simu. Laurian, anasema, alipowaona wakipita na ng'ombe, alikwenda nyuma ya nyumba akatapika.

Novemba 24

Mahindi yamefika magotini. Nimejaribu kumchora Sayi akirudisha ng'ombe. Nimechana.

Desemba 4

Mama Bonifasia kaja dukani.

Sikumtambua mlangoni, kwa mwavuli. Nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kile kiti cha wanaopigwa picha, mgongo umenyooka, mbele ya pazia la bluu. Restuta alikuwa benki. Nilimuuliza habari za nyumbani, za mvua, za Mabaka.

"Mabaka mzima. Anazaa mwezi ujao." Akafungua pindo la khanga, akatoa ile nakala. Sijui aliipataje kwa kamanda. Ilikuwa imelowa na kukauka, imekuwa ngumu kama chapati ya jana. "Mjukuu wangu Scola yumo kwenye kundi lako. Alinikuta naitazama. Akaniambia, bibi, hizi huanzia mkono wa kulia."

Nje mvua ilikuwa inaanza.

Akaiweka karatasi juu ya kaunta, akaitelezesha kwangu. Akaweka kidole juu ya mtoto aliyefungwa. Akakisogeza hadi kwenye mkono wenye fimbo. Akakisogeza hadi kwa ng'ombe, akakiacha hapo, juu ya wale wanaokwenda.

"Wangu walikuwa kumi na mmoja," akasema. "Kila mmoja nilimzibia upepo mlangoni kwa mgongo wangu siku ya kuzaliwa. Nawe umechora mikia tu."

Nililia. Nilimwambia mama nisamehe, nilimwambia Laurian hakujua, Baba alipiga magoti, nilimwambia kila kitu ambacho hakuwa ameuliza. Alingoja nimalize kama anavyongoja mvua ikatike.

"Kama angekuwa mwanangu ningeonyesha," akasema. "Kwa hiyo kamanda sitamwendea. Lakini sikia, na umfikishie kama nilivyosema. Ndama atakayezaliwa ni wangu. Na wa mwakani, na wa baada yake. Hilo la kwanza. La pili, Bizimana nimemtumia neno arudi, nina ng'ombe wa kuchungwa sasa. Anakuja Jumamosi. Baba yako ndiye atakayempokea barabarani, na amchukulie mzigo wake kichwani, apite nao katikati ya kijiji mpaka kwangu. Watu watauliza kwa nini mzee amchukulie mzigo mchungaji. Atawajibu nini, hilo nimemwachia."

Akasimama, akafungua mwavuli ndani ya duka, akajikunyata kupita mlangoni. Karatasi kaiacha.

Nimempigia Baba. Nimemwambia neno kwa neno: ndama, Bizimana, mzigo, Jumamosi.  Nilisikia mvua ikipiga bati la kwetu.

"Alikuwa analia?" akauliza.

"Hapana, Baba. Mimi ndiye nililia."

"Angelia," akasema. "Afadhali angelia."

Desemba 7

Jumamosi. Laurian kanitumia picha, bila neno lolote. Barabara ya Runazi, matope. Bizimana yuko mbele, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Nyuma yake Baba, na begi kichwani. Watu wamesimama milangoni.

Nimeichukua kalamu. Nimeanzia kulia.